Mizani ya Wageni na Muziki wa Wananchi

Kila mara jarida la Marekani liitwalo Rolling Stone litangazapo orodha yake ya santuri 500 zilizo bora kupita zote, hawakosekani wasomi wa Dar es Salaam wanaoipokea kana kwamba ni matokeo ya mtihani wa taifa. Nafasi hukaririwa, na atajaye santuri isiyomo huchekwa. Hiyo ni kasumba, na walimu na watumishi wa umma, ambao vijana huwasikiliza, wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa.

Orodha yenyewe hujikana. Mwaka 2003 jarida hilo lilikusanya kura za watu 273, na nafasi ya kwanza ikapewa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, ya mwaka 1967. What's Going On ya Marvin Gaye, iliyotoka mwaka 1971, ikawa ya 6. Mwaka 2020 kura zikapigwa upya na watu zaidi ya 300: Gaye akapanda hadi nafasi ya kwanza, na santuri ile ya Beatles ikaporomoka hadi ya 24. Je, katika miaka hiyo 17 ilibadilishwa noti hata moja? Hapana. Waliobadilika ni wapiga kura, pamoja na Marekani yenyewe, ambako mwaka huo wa 2020 umma ulijaa barabarani kupinga polisi kuwaua watu weusi. Gaye alistahili heshima hiyo mwaka 2003 kama alivyoistahili baadaye. Kilichopimwa ni nini basi, muziki au upepo wa New York?

Na hiyo ndiyo kasoro ndogo. Kasoro kubwa ni kwamba kipimo chenyewe ni santuri ndefu, bidhaa iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928, miaka 20 kabla ya bidhaa hiyo. Muziki wa dansi wa akina Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz na Urafiki Jazz ulihifadhiwa kwa wingi katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwingine ukatolewa Nairobi katika sahani ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Kuupima muziki huo kwa santuri ndefu ni sawa na kupima mchele kwa futi, kisha kutangaza kwamba ghala ni tupu.

Watasema Fela Kuti wa Nigeria yumo. Naam, yumo katika orodha ya 2020, nafasi ya 402. Mkusanyiko wa nyimbo za Soweto nao umo, nafasi ya 497, karibu na mlango wa kutokea!

Wamarekani wana haki ya kupanga vyao watakavyo. Wa kulaumiwa ni mwalimu wa hapa nchini ajuaye nafasi ya kila santuri ya Beatles lakini hawezi kumwambia mwanafunzi wake ni nani aliyepiga gitaa la solo katika Morogoro Jazz. Kanda huharibika kwa joto na unyevu, na majina ya wapiga tarumbeta hayakuandikwa yote. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Wazee waliocheza dansi lake Morogoro wangalipo, na hakuna shule isiyo na daftari na kalamu ya kumtuma mwanafunzi akawaulize.