Skrini Isimulie, Gololi Iamue

Januari 1999, kwenye maonyesho ya mashine za michezo jijini London, kampuni ya Williams ya Chicago ilizindua mashine ambayo wabunifu wake waliitegemea iokoe kazi yao. Waliiita Pinball 2000. Mwaka ule haukwisha kabla kitengo chenyewe cha pinboli hakijafungwa, na kampuni mama, WMS, ikaelekeza nguvu zake kwenye mashine za kamari. Toleo hili zima linahusu michezo ya mashine katika Nyanda za Juu Kusini. Nimeona tuanzie huko mbali kwa kuwa njia panda waliyosimama watu wa Chicago ndiyo tuliyosimama sisi leo, Mwanjelwa jijini Mbeya na Mlandege mjini Iringa.

Msomaji ambaye hajawahi kukutana na pinboli aiwazie hivi. Ni meza ya mbao iliyoinamishwa kidogo, takriban digrii 6.5, na juu yake kuna kioo. Ndani yake hukimbia gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Mchezaji anaivuta fimbo yenye springi, anaiachia, gololi inapanda hadi juu kisha inaanza kuteremka ikigonga nguzo, kengele na vizuizi. Chini kabisa pana vibao viwili vifupi vinavyorushwa na sumaku ya umeme mchezaji anapobonyeza vitufe vya ubavuni. Kazi yake ni kuizuia gololi isitumbukie shimoni. Kila kinachotokea kinatokea mbele ya macho yake, kwa chuma, mbao na mvutano wa dunia.

Pinball 2000 iliongeza skrini, na iliiongeza kwa ufundi ninaoustahi mpaka leo. Televisheni ya kichogo ilifungwa sehemu ya juu ikitazama chini, na kioo kilichofunika meza kikaakisi picha yake, mchezaji akaiona ikielea juu ya uwanja wenyewe. Ujanja huo ni wa zamani: John Henry Pepper aliutumia jijini London mwaka 1862 kuleta mizimu jukwaani. Katika Revenge from Mars, mashine ya kwanza ya familia hiyo, vyombo vya wageni kutoka sayari nyingine vilielea juu ya mbao, gololi ikapita, chombo kikalipuka. Ziliuzwa zaidi ya 6,800. Ya pili, iliyotokana na filamu ya Star Wars, iliuzwa kama 3,500. Tarehe 25 Oktoba 1999 milango ikafungwa. Linganisha na The Addams Family ya mwaka 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor bila skrini ya video, ambayo ilivuka 20,000.

Sitaki kudai kwamba skrini peke yake ndiyo iliyoiua. Hesabu za wenye hisa zilikuwa na neno lake, na soko la pinboli lilikuwa limesinyaa miaka mingi kabla. Lakini ipo kasoro ya ubunifu ambayo sisi tunapaswa kuiona mapema. Izime ile skrini, na sehemu kubwa ya mchezo inatoweka, maana shabaha nyingi zilikuwa mwanga mtupu. Gololi ilibaki ya kweli, ila kitu ilichokipiga hakikuwa cha kweli, na mchezaji alilazimika kuamini neno la kompyuta kwamba amepiga.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Katika mchezo wa haki, anayeshindwa anakiona kilichomshinda. Gololi ikipita katikati ya vibao viwili, umeiona ikipita. Umechelewa kubonyeza, basi. Chuma hakina siri. Skrini inaweza kuwa na siri, kwa sababu uamuzi umekwisha kufanyika ndani ya programu kabla picha haijasogea. Kwa hiyo skrini ikiungana na mashine ya zamani ipewe kazi ya kusimulia: ihesabu, ishangilie, ieleze sheria, ichore uwanja. Kuamua nani amepata na nani amekosa kuachiwe kitu kinachoonekana na kugusika.

Kwa nini jambo hili lituhusu Mbeya na Iringa, ambako pinboli haijawahi kuwa mchezo wa mtaani? Kwa sababu kile ambacho WMS ilikikimbilia baada ya kuiacha gololi kimeshatufikia. Dubwi, mashine ya kamari, limeingia baa, limeingia grosari, limesogea hadi vibanda vya pembezoni mwa stendi. Linameza sarafu za shilingi 200, linawaka taa, linazungusha picha za matunda, kisha linatangaza matokeo. Mchezaji hana alichokifanya zaidi ya kutumbukiza fedha na kubonyeza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, inamkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini kitoto kinachotumwa sukari kinajua vizuri sauti ya sarafu zinazomwagika, na kimeshajifunza kwamba mashine ni kitu cha kuombewa bahati. Hilo linaniumiza kuliko fedha zinazopotea. Tunalea kizazi kinachoamini kwamba ndani ya boksi kuna mtu anayepanga, na kwamba mkono wake mwenyewe hauna la kufanya.

Mabishano haya si mapya. Januari 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipiga marufuku pinboli akisema ni kamari, na mashine zikavunjwa kwa nyundo hadharani. Wakati ule hakuwa amekosea sana. Mashine za miaka ya 1930, kama Baffle Ball ya David Gottlieb ya mwaka 1931, hazikuwa na vibao vya kupigia. Ukishaiachia gololi, kilichobaki kilikuwa kutazama na kuitikisa meza. Mwaka 1947 kampuni hiyohiyo ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs, yenye vibao vinavyoendeshwa na mchezaji, na mchezo ukahama kutoka kwenye bahati kwenda kwenye ustadi. Sheria ilichelewa kuliona hilo kwa karibu miaka 30. Mwaka 1976 Roger Sharpe aliitwa mbele ya madiwani wa New York, akacheza wakimtazama, akataja gololi itakapopita kabla hajaiachia, nayo ikapita palepale. Marufuku ikaondolewa. Vibao viwili vya sentimita chache ndivyo vilivyotenganisha kamari na mchezo wa akili, na ningependa kila anayebuni mashine hapa nchini ajiulize vibao vyake viko wapi.

Sisi tunao mchezo uliolijibu swali hilo zamani sana. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza awamu ya kwanza, namua, akiwa na kete 22 za akiba. Hakuna kilichofichwa. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofunikwa. Anayeshindwa anaweza kurudi nyuma kwa kumbukumbu mpaka kwenye mtaji uliomponza, na watazamaji wakamsaidia kwa kelele. Programu za bao zimeshaingia kwenye simu, nazo zina manufaa kwa anayejifunza peke yake. Lakini ukigusa shimo, kete zinajigawa zenyewe. Hesabu ambayo ingekaa kichwani na kwenye ncha za vidole imefanywa na simu, na mchezaji amepunguziwa sehemu ya mchezo iliyokuwa yake.

Ingekuwaje basi mbao na skrini zikishirikiana vizuri? Jaribio la Bally la mwaka 1982, Baby Pac-Man, liliweka skrini juu na uwanja mdogo wa gololi chini, mchezaji akawa anahama kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Hiyo ni michezo miwili iliyopangishwa nyumba moja. Jibu lililonishawishi zaidi ni la kampuni ya Multimorphic ya Texas, ambao mashine yao, P3, imelaza skrini kwenye sakafu ya uwanja, gololi ya chuma ikibingirika juu yake. Miale ya infraredi inafuatilia gololi ilipo, na picha inaitikia. Gololi inaongoza, mwanga unafuata. Mpangilio huo ni sahihi, na si lazima uwe wa bei ya Marekani.

Nasema hivyo nikitazama tulichonacho kando ya barabara ya Tanzam. Msitu wa Sao Hill huko Mufindi, mkubwa kuliko mashamba mengine yote ya miti ya serikali, una zaidi ya hekta 130,000, na Mafinga inatoa mbao na plaiwudi kila siku ya kazi. Meza ya pinboli ni plaiwudi iliyotobolewa kwa uangalifu. Gololi za chuma zinatoka kwenye beringi za magari, na gereji zetu zimejaa beringi chakavu. Mafundi simu wa Kabwe na Miyomboni wanabadilisha skrini wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na skrini zinazotolewa nyingi zina ufa pembeni tu huku katikati zinawaka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha wahandisi. Tangu mwaka 2012 dunia ina Raspberry Pi, kompyuta inayokaribia ukubwa wa kadi ya benki, inayotosha kabisa kusoma vihisio na kuendesha picha. Kinachokosekana ni watu hawa kukaa meza moja.

Kuliunganisha bao na skrini ni kugumu kuliko pinboli, na mafundi wasilidharau. Mtu wa haraka atasema tuweke mizani ndogo chini ya kila shimo ihesabu kete. Haitafanya kazi, kwa kuwa komwe na vijiwe havilingani uzito. Kamera inayotazama kutoka juu ina nafasi nzuri zaidi, ila mkono wa mchezaji utaizuia mara kwa mara, na programu itabidi ingoje mkono uondoke ndipo ihesabu. Kungoja huko nakupenda: mashine inampisha mtu.

Kisha lipo suala la umeme. Mtera na Kihansi, mitambo ya maji ya megawati 80 na 180, iko jirani yetu, na bado taa hukatika katikati ya mchezo. Wengi wataliona kama kikwazo. Mimi naliona kama kipimo bora tunachoweza kumpa mbunifu. Mashine yake ikizimika, je, kuna mchezo uliobaki juu ya meza? Baffle Ball ilichezeka bila waya hata mmoja. Bao lenye kamera litaendelea, kwa kuhesabu kichwani. Pinboli yenye vibao vya sumaku itasimama, lakini vibao vinavyovutwa kwa waya na springi vitaendelea, na gololi haijui kama TANESCO wamekata.

Kuna watakaosema vijana wanataka skrini tu, na ushahidi wao ni vibanda vya gemu kutoka Ilomba hadi Kihesa. Nimevitazama vibanda hivyo kwa heshima. Kinachowajaza vijana mle ni mpinzani aliyekaa ubavuni, bega kwa bega, pamoja na umati nyuma unaotoa hukumu. Skrini imepata sifa ambayo nusu yake ni ya benchi. Mashine ninayoitetea itabaki na benchi hilo.

Katika kurasa za katikati tumechapa mchoro wa meza ya majaribio: vipimo vya plaiwudi, mwinamo, nafasi za vibao vya kuvutwa kwa waya, na dirisha la skrini ya simu lililowekwa pembeni, mahali ambapo haliwezi kuizuia gololi. Mchoro huo ni wa bure kwa yeyote. Seremala atakayeona tumekosea kipimo arekebishe, na atakayeitengeneza meza atuandikie alipokwama. Barua za mafundi ndizo tutakazozichapa kwanza katika toleo lijalo.