TAHARIRI: TUFUNGE MIKANDA, SAFARI HII YA GARI



Wazee wanakumbuka: baada ya vita vya Kagera, mwaka 1979, tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Mkanda ule ulikuwa wa tumbo. Leo tunawaomba mfunge mkanda mwingine, tena huu haumlazi mtu njaa. Ni mkanda wa kiti cha gari.

Msimu wa korosho umefika. Pikapu yetu itakwenda na kurudi ghala kuu mchana na usiku. Na yanayofanyika mle ndani wote tunayajua. Dereva anapitisha mkanda nyuma ya mgongo ndipo anauchomeka, ili ile kengele inyamaze, basi anaondoka. Ukimwuliza atakujibu: "Kwani vipi, gari hii si ina mfuko wa hewa?" Utingo naye mkanda wake umekwama tangu mwaka jana; kasema, hakuna aliyemsikiliza.

Ndugu zetu, jibu hilo la mfuko wa hewa si sahihi.

Gari likigonga, chuma kinasimama lakini mtu hasimami. Anaendelea kwa mwendo ule ule. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Kinachomshika mtu ni mkanda. Mfuko umekunjwa ndani ya usukani, na gari likigonga kwa nguvu unavimba kwa muda usiofika sehemu ya 20 ya sekunde. Umetengenezwa umpokee mtu aliyekwisha shikwa na mkanda. Asiyefunga huwa keshatupwa mbele, mfuko unamkuta karibu mno na kumpiga yeye. Kwa hiyo mfuko ni msaidizi tu. Mwenye kazi ni mkanda, na Shirika la Afya Duniani linasema unapunguza hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele kwa karibu nusu.

Mkanda huu wa bega na nyonga aliubuni Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo kule Sweden, mwaka 1959. Kampuni ikawaachia wenzake wote wautumie bure. Kitu cha namna hiyo ndicho sisi tunakikalia!

Basi tushike haya:

1. Mkanda wa chini ukae kwenye nyonga, si juu ya tumbo. Wa juu ukatishe bega na kifua, usipite kwapani wala mgongoni. Mama mjamzito naye afunge, ule wa chini ukae chini ya tumbo.

2. Kifua cha dereva kiwe mbali na usukani sentimita 25 au zaidi, yaani shibiri moja na kidogo.

3. Mbele ya mfuko pasiwekwe kitu: si miguu juu ya dashibodi, si mzigo, wala mtoto wa kupakatwa.

4. Swichi ikifunguliwa, taa ya mfuko inawaka kidogo halafu inazimika. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, kuna ubovu, apelekewe fundi. Mfuko ukishavimba mara moja haufai tena. Mkanda uliopata ajali nao ubadilishwe.

Wapo watakaosema, mbona watu wanapanda juu ya magunia? Kweli wanapanda, na huko hakuna mkanda wala mfuko. Gari letu ni la korosho. Mwenye safari ya mjini apande basi.

Halmashauri imepanga kulipaka gari rangi mpya kabla ya msimu. Sisi tunasema rangi isubiri. Kwanza mkanda wa utingo utengenezwe. Pili, mkutano mkuu upitishe kwamba gari halitoki ghalani mpaka mikanda miwili imefungwa, na mtunza ghala aone kwa macho yake ndipo atoe hati ya mzigo.

Korosho zikimwagika barabarani tutaziokota. Dereva na utingo ni watoto wa hapa hapa kijijini, na mama zao tunakutana nao kisimani kila siku. Tutawaambia nini?

Mkanda kwanza, safari baadaye!

Mhariri