Mafunzo ya Kazi si Sadaka

Kila mwaka vyuo vilivyo katikati ya jiji la Dar es Salaam, kama vile Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Teknolojia, huwatoa wanafunzi wao darasani na kuwapeleka kujifunza kazi kwa vitendo. Vijana hao huenea katika wizara, mabenki, karakana na maduka ya jumla ya Kariakoo, kila mmoja na barua yake ya utambulisho. Kwa kijana mzima wa viungo barua hiyo ni ufunguo. Kwa mwenzake asiyeona, kiziwi, au anayetumia kiti cha magurudumu, barua hiyo hiyo hugeuka karatasi tupu. Huambiwa nafasi zimejaa. Huambiwa arudi wiki ijayo. Hurudishwa hivyo hivyo mpaka muda wa mafunzo unakwisha.

Jambo hili halina budi kuitwa kwa jina lake. Huu ni ubaguzi, hata kama unafanywa kwa sauti ya upole na uso wa huruma.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja vilema, kama walivyoitwa siku zile, pamoja na watoto wadogo na wazee wasiojiweza, kuwa ni watu wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao. Kauli hiyo ilikuwa ya utu, kwa sababu ilikataza ndugu zetu hao wasionekane kuwa mzigo. Lakini Taifa halikusimama hapo. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka waajiri wenye watumishi 50 au zaidi kuwapa watu wenye ulemavu asilimia 2 ya nafasi za kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikasonga mbele zaidi: asilimia 3, kwa kila mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi. Maana ya safari hiyo ni wazi. Tumetoka katika wajibu wa kumlisha mtu na kufika katika haki yake ya kufanya kazi. Afisa anayempokea mwanafunzi mwenye ulemavu kana kwamba amekuja kuomba sadaka yuko nyuma ya sheria za nchi yake kwa zaidi ya miaka 40.

Waajiri wanaoulizwa habari ya asilimia 3 wanalo jibu lililokaririwa: tumewatafuta wenye sifa na uzoefu, hatukuwapata. Na wangewapataje? Uzoefu hauchumwi mtini. Hupatikana kazini, na hatua yake ya kwanza ni mafunzo ya vitendo. Yule yule aliyemfungia kijana mlango wa mafunzo ndiye anayemdai uzoefu miaka miwili baadaye! Kwa kweli asilimia 3 haivunjwi siku ya usaili. Huvunjwa mapema, mwanafunzi anapogeuzwa njia pale mapokezi, na kwa kuwa mwanafunzi hahesabiwi kuwa mtumishi, hakuna taarifa inayoonyesha kosa hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ulilitazama jambo hili. Ibara yake ya 27 inayataka mataifa yawawezeshe watu hawa kupata uzoefu wa kazi katika soko la ajira lililo wazi kwa wote.

Kisingizio cha pili ni gharama. Hebu tuzihesabu. Meza ya mwanafunzi asiyeweza kupanda ngazi huhamishiwa ghorofa ya chini: gharama yake ni nguvu za watu wawili. Mwenye ualbino hukalishwa mbali na jua la dirishani na kupewa maandishi makubwa. Asiyeona huwekewa kwenye kompyuta programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na zipo zinazotolewa bure. Kiziwi huandikiwa maagizo, huitiwa mkalimani wa lugha ya alama siku ya mkutano, na wenzake hujifunza alama chache za kazi ya kila siku. Ofisi inayokosa uwezo wa kufanya hayo haikosi fedha, inakosa nia.

Ni kweli kwamba Kariakoo si mahali pepesi. Katika Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi bidhaa zimelala juu ya njia ya miguu, na ghala nyingi ziko ghorofani. Lakini papo hapo Kariakoo, tangu mwaka 2016, vinasimama vituo vya mabasi ya mwendokasi ambavyo jukwaa lake limelingana na sakafu ya basi, ili kiti cha magurudumu kiweze kuingia bila kubebwa. Aliyefikiri kabla ya kujenga hakulazimika kubomoa. Na jirani na soko hilo ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma katika shule moja na wenzao. Watoto wanaliweza jambo linalowashinda wakurugenzi!

Kazi ya kusahihisha hali hii ni yetu sisi watumishi na walimu. Chuo kisimtupe mwanafunzi mitaani ajitafutie nafasi peke yake. Mkufunzi amuulize kwanza anahitaji nini, kisha aende kwa mwajiri kabla ya siku ya kuripoti. Ofisi za umma zitangulie, na kila Afisa Utumishi atenge katika nafasi za mafunzo kiwango kile kile cha asilimia 3. Mwanafunzi akishapokelewa apewe kazi ya kweli, wala asikalishwe kitini akitazama saa, na apimwe kwa kipimo cha wenzake, bila kuonewa na bila kupendelewa. Na afisa anayemkataa aandike sababu na kutia sahihi yake. Tutashangaa jinsi nafasi zilizojaa zitakavyopungua kujaa.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni zaidi ya 11 katika kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Hao si wageni wa mtu. Ni wanafunzi wetu, jamaa zetu, na kesho huenda tukawa sisi wenyewe, kwani wahenga walisema hujafa hujaumbika. Ajali moja ya barabarani yatosha kumhamishia afisa wa leo upande wa pili wa meza yake, mkononi ana barua, akisubiri kuambiwa kama nafasi ipo. Basi na ajibu leo kama ambavyo angependa kujibiwa siku hiyo.