Nani atapima mara ya pili?

Daftari langu la mwaka 2018 bado ninalo. Ni daftari la shule, kurasa zake zimeingia vumbi jekundu la mji wa Kolwezi, Kongo, na ndani yake niliandika mifuko ya kikosi chetu cha wachimbaji saba. Mwandishi nilikuwa mimi kwa sababu ndimi niliyemaliza sekondari. Kuna mstari mmoja wa Septemba: mifuko 12, kobalti 1.8. Pembeni nimeweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Siku ile tulikuwa Musompo, kwenye soko la madini nje ya mji. Mnunuzi alisaga mawe kiganja kimoja, akayaelekezea kile kifaa cha mkono kinachofanana na bastola, ambacho sote tunakiita metorex. Kikasoma asilimia 1.8. Mwenzetu akachota mawe ya mfuko uleule, akakimbia hadi depo ya mnunuzi wa jirani. Huko kifaa kikasoma 2.9. Tuliporudi kulalamika, mnunuzi hakugomba. Alisema kwa upole: "Mdogo, mawe yenu iko na maji." Tulikuwa na deni la pikipiki na deni la unga. Tukauza kwa 1.8.

Miezi michache baadaye, Januari 2019, IBM, Ford, LG Chem na Huayou Cobalt walitangaza jaribio la kufuata kobalti ya Kongo kutoka mgodini hadi Korea Kusini na hatimaye kiwanda cha magari Marekani, kwa kutumia blokucheni. Kampuni za madini za Glencore, CMOC na ERG nazo zikaja na mfumo wao wa kufuatilia kobalti, Re|Source. Blokucheni ni daftari ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, na mstari ukishaandikwa humo mtu mmoja hawezi kuufuta. Ninaelewa kwa nini wanalitaka. Tangu ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 kuhusu watoto kwenye mashimo yetu, wanunuzi wa ng'ambo wanauliza jiwe lilichimbwa na nani. Ni swali la haki. Ila sijasikia wakiuliza kama huyo aliyelichimba alilipwa kwa kipimo cha kweli. Mstari wangu ungeingia kwenye daftari lile, 1.8 ingekuwa ndiyo historia ya mifuko yetu, bila ile alama nyekundu.

Wataalamu wa teknolojia hii wanaujua udhaifu huo. Kompyuta haina macho. Lazima mtu aiambie kilichotokea duniani, na mtu huyo anaweza kudanganya. Ndiyo maana wamebuni mabaraza ya mtandaoni. Kwenye Kleros, waamuzi huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa wale walioweka rehani tokeni zao, yaani sarafu za kidijitali za mfumo huo. Anayepiga kura na walio wengi hulipwa, aliyebaki na wachache hukatwa. Kwenye UMA, mtu hudai jambo na kuweka dhamana. Asipopingwa ndani ya muda uliowekwa, dai linapita. Akipingwa na ubishi usipoisha, wenye tokeni wanapiga kura.

Nimefuatilia mifumo hii kwa miaka, kwa shauku ya kweli, kwa sababu ni mara ya kwanza naona watu wakifikiria haki ya kupinga kipimo. Kwa swali kama nani alishinda mechi, inafaa: kila mwamuzi anaweza kutafuta jibu mwenyewe. Lakini mifuko 12 ya Musompo nani ameiona? Mwamuzi aliyeko Berlin au Buenos Aires hana jiwe mkononi. Ana karatasi ya mashine upande mmoja na neno la mchimbaji upande wa pili, na anajua atalipwa akikubaliana na wenzake. Atachagua karatasi, kwa kuwa anatarajia kila mmoja wao atachagua karatasi.

Halafu kuna uzito wa fedha. Machi 2025, kwenye soko la ubashiri la Polymarket, watu walibishania swali kama Ukraine ingekubali mkataba wa madini na Marekani kabla ya Aprili. Mkataba ulikuwa haujafikiwa. Kura za UMA, ambazo soko hilo hutegemea kumaliza ubishi, zikaamua "ndiyo", baada ya mwenye tokeni nyingi kupiga karibu robo ya kura zote. Polymarket wenyewe walikiri matokeo hayakuwa yale watu waliyotarajia, na waliopoteza hawakurudishiwa fedha. Niliposoma habari ile nilimkumbuka mnunuzi wetu na upole wake.

Dhamana ya kupinga dai kwenye soko la Polymarket imekuwa dola 750, na muda wa kupinga saa mbili. Mchimbaji wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, hana dola 750, na mara nyingi simu yake haina hata vocha.

Ninachotaka kinaweza kujengwa hapa hapa. Kabla mstari haujafungwa, kiganja cha mawe kutoka kila mzigo kitiwe kwenye mfuko wenye lakiri mbele ya pande mbili. Mchimbaji apewe siku mbili za kupinga, bila dhamana, kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Akipinga, kifaa cha pili kichaguliwe kwa bahati nasibu, mbali na depo ya kwanza, na waamuzi wawe watu wa hapa: mpimaji wa CEEC, shirika la serikali linalothibitisha madini, ofisa wa SAEMAPE, idara ya serikali ya wachimbaji wa mikono, na mzee wa mashimo aliyezoea kulitambua jiwe jeusi kwa rangi na uzito wake. Kila mmoja kura moja, awe na tokeni au asiwe nazo. Vipimo vyote viwili viandikwe, na ubishi wenyewe uandikwe, ili mnunuzi wa betri Ulaya auone.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka pasi ya kidijitali kwa betri za magari ya umeme kuanzia Februari 2027. Pasi hizo sasa zinachorwa na watu walioko mbali na Musompo. Gavana wa mkoa wetu wa Lualaba na kampuni ya serikali ya EGC, iliyopewa kazi ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono, wadai nafasi ya kipimo cha pili kwenye pasi hizo, na waidai mwaka huu.