Jiko linaokoa mkaa, tanuri linakula kuni

Biashara ya majiko ya mkaa yenye udongo ndani ina kitendawili chake. Jiko hilo hununuliwa kwa sababu linapunguza matumizi ya mkaa, lakini mfinyanzi anayetengeneza udongo wake huuchoma kwa kuni. Kuni zikipanda bei, faida yake huishia tanurini.

Jiko hilo lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiwa limetokana na jiko la ndoo la Thailand. Fundi bati hukunja umbo la nje na mfinyanzi hutengeneza sehemu ya ndani inayozuia joto lisipotee. Vipimo vilionyesha kuwa linaweza kuokoa asilimia 30 hadi 50 ya mkaa likilinganishwa na jiko la bati tupu. Baadaye likaenea Tanzania, Uganda na Rwanda.

Wateja hawakulinunua kwa mapenzi ya misitu. Familia inayotumia magunia mawili kwa mwezi, ikipunguza theluthi moja, hubakiwa na zaidi ya nusu gunia, na hiyo ni fedha inayoonekana. Msitu nao hupona, kwa kuwa katika tanuri la kienyeji la udongo kilo 10 za kuni hutoa kilo moja hadi mbili tu za mkaa.

Hesabu kama hiyo mfinyanzi huifanya mara chache kwake mwenyewe. Udongo wa jiko huhitaji joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi ili uive. Ukichomwa kwenye shimo la wazi, joto kubwa hupaa angani. Kuni mbichi nazo hutumia moto wake mwingi kukausha maji yaliyomo ndani yake.

Hata hivyo, hasara kubwa huwa ni mipasuko. Udongo ukiingia motoni kabla haujakauka, maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kuupasua. Mfinyanzi akichoma vipande 100 na 20 vikapasuka, kuni za vyote 100 zinalipwa na 80 vilivyopona. Gharama ya kuni kwa kila kipande imepanda kwa robo nzima. Ndiyo maana kabla ya kukopa fedha za kujenga tanuri la kisasa, kikundi chenye mtaji mdogo kingefanya vyema kujenga kwanza banda la kukaushia lenye paa na chanja.

Kuhusu nishati, wafyatua matofali wa Mbeya wamekuwa wakichomea kwa pumba za mpunga, na nchini Uganda kiwanda cha saruji cha Hima kimetumia makapi ya kahawa. Hapa wakulima na wenye mashine za kukoboa wana lao la kuuza. Lakini pumba ni nyepesi na hujaza gari upesi, na takriban sehemu moja kati ya tano hubaki majivu. Tanuri lililo mbali na mashine litapoteza kwenye usafiri kile lilichookoa kwenye kuni. Tena, taka ikishapata mnunuzi hupata bei. Mfinyanzi anayeanza leo afadhali apatane na mwenye mashine mapema, kwa msimu mzima.

Soko lenyewe linabadilika. Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mkaa ilipanda kwa kasi. Tanzania nayo, katika mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034, inataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Gesi itachukua wateja wa mijini wenye kipato cha uhakika. Watakaobaki ni wale wanaonunua mkaa kwa kopo kwa sababu hawana fedha za kujaza mtungi kwa mkupuo mmoja.

Mteja huyo ndiye anayeumizwa zaidi na majiko ya rahisi ambayo udongo wake haukuiva na hupasuka mapema. Dukani yote hufanana yakishapakwa rangi. Mfinyanzi anayechoma vizuri hana njia ya kudai bei ya juu hadi atakapogonga alama yake kwenye udongo ungali mbichi, na muuza jiko akakubali kurudishiwa lililopasuka.