Kanuni si Ufahamu

Imekuwa ada katika shule nyingi mwanafunzi kupewa kanuni ya mwendo wa timazi kabla hajaiona timazi ikipembea. Huikariri asubuhi, huiandika jioni, na baada ya mtihani huitupa kama kapi la muwa. Ada hii ni mbaya, na waitetezao hawaitendei elimu haki.

Husema kwamba shule za mashamba, kama zile za pande za Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, hazina vyombo. Je, waashi wa Gatuanyaga hujenga kuta bila timazi? Asiye nayo na afunge jiwe kwa uzi, urefu wake hadi katikati ya jiwe uwe mita moja, alitundike mahali imara, alivute kidogo kando, kisha aliachilie. Mipembeo kumi ya kwenda na kurudi itachukua karibu sekunde 20. Uzi ukifupishwa uwe sentimita 25, itakuwaje? Wengi watajibu sekunde 5. Jiwe litajibu sekunde 10, kwa kuwa muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu. Jiwe likibadilishwa kwa lililo zito maradufu, urefu ukibaki ule ule, muda haubadiliki. Aliyeyaona haya kwa macho yake hayasahau.

Husema tena kwamba muda ni mchache. La hasha! Mwenye kukariri ndiye apotezaye muda, maana kila swali kwake ni geni. Mwenye kufahamu hujiuliza mambo matatu: kitu hiki hutulia wapi? Nguvu gani hukirudisha pale? Je, nguvu hiyo huzidi kwa kadiri ile ile ya umbali? Kama ndivyo, timazi na springi ni ndugu, na hesabu yao ina njia moja. Kama sivyo, kanuni haitoshi. Jiwe lililovutwa digrii 60 kando huchukua muda unaozidi ule wa kanuni kwa karibu asilimia 7. Mkariri hana habari. Huandika jibu la uongo kwa mwandiko mzuri.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, karibu na ikweta. Saa yake ya timazi, iliyokwenda barabara Paris, ilichelewa huko dakika mbili na nusu hivi kila siku. Hakuilaumu saa akanyamaza. Aliipima, na watu wakajua kwamba uvutano wa dunia hupungua kuelekea ikweta. Thika nayo iko karibu digrii moja tu kusini ya ikweta. Jambo lililowashangaza wataalamu wa Ulaya limo katika uzi wa mtoto wa hapa, naye hunyimwa kulipima.

Basi, mwalimu, tundika jiwe kwanza, kanuni ifuate. Nawe mwanafunzi, usipotundikiwa, litundike mwenyewe.