Fundi, wachana na sensa ya pedali!

Wasee wa malori, tuambiane ukweli. Lori likianza kuchelewa ukikanyaga mafuta, fundi wa kando ya barabara anachomoa bisibisi, analegeza sensa ya pedali, anaizungusha kidogo na kukuambia, "Sasa imechangamka." Pesa yako imeenda.

Imechangamka wapi? Hiyo sensa haimwagi dizeli. Inatuma volti kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inaamua injini ipewe mafuta kiasi gani. Ukiizungusha, umeidanganya tu: mguu uko nusu, yenyewe inasoma zaidi. Ukikanyaga hadi chini, nguvu ni ile ile.

Tena pedali nyingi za siku hizi hutuma ishara mbili, kompyuta inazilinganisha. Zikipishana, inakata nguvu. Sasa wazia ikutokee na mzigo, ukipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit.

Angalia kwanza filta ya dizeli na paipu za turbo. Kama ni kweli sensa imehama, ipimwe kwa mita na irudishwe kwa volti za kiwanda. Fundi asiyepima anabahatisha. Kamari chezeni kwa simu, si kwa lori la mtu.